Otto Schmitt, mwanasayansi aliyeacha neno linalobishaniwa hadi leo

Fundi wa elektroniki mjini Bunia anayesoma michoro ya saketi anaweza kukutana na jina Schmitt. Mwenye jina hilo, Mmarekani Otto Herbert Schmitt, alifariki Januari 1998 akiwa na miaka 84. Neno alilolianzisha, biomimetiki, bado linawagawa wahandisi.

Schmitt alizaliwa Aprili 1913 mjini St. Louis, jimbo la Missouri. Mwaka 1934, akiwa bado mwanafunzi, alichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi, mnyama wa baharini. Mshipa wa fahamu haujibu kila msisimko mdogo: hupeleka ujumbe pale tu msisimko unapofikia kiwango fulani.

Kutokana na uchunguzi huo alitengeneza saketi inayowaka umeme unapopanda juu ya kiwango kimoja, na kuzima pale tu unaposhuka chini ya kiwango kingine kilicho chini zaidi. Mtikisiko mdogo katikati ya viwango hivyo hauisumbui. Leo saketi hiyo imo ndani ya kompyuta na vifaa vingine vingi.

Alipata udaktari mwaka 1937, akafanya utafiti London, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Minnesota kuanzia 1939 hadi 1983. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alishughulikia vifaa vya kugundua nyambizi kwa njia ya sumaku.

Katika miaka ya 1950, wanasayansi wengi walitumia fizikia kuelewa viumbe hai. Schmitt aliona njia ya kurudi pia ipo: viumbe vinaweza kumfundisha mhandisi. Njia hiyo ndiyo aliyoiita biomimetiki, na mwaka 1969 akaliweka neno hilo katika kichwa cha makala yake.

Lakini hakuwa peke yake. Mwaka 1958 Jack Steele, daktari wa jeshi la anga la Marekani, alileta neno bioniki, na mwaka 1960 jeshi hilo likaitisha mkutano kwa jina hilo mjini Dayton, Ohio. Katika miaka ya 1970 televisheni ililichukua neno bioniki kumwelezea mtu mwenye viungo vya mashine, na maana ya kwanza ikafifia kwa watu wengi. Mwaka 1997, Janine Benyus alitoa kitabu kilichoeneza jina la tatu, ambalo wasomaji wa Kifaransa hulijua kama biomimetisme. Yeye aliongeza sharti la kuyatunza mazingira.

Mwaka 2015, miaka 17 baada ya kifo cha Schmitt, shirika la viwango la kimataifa ISO lilitoa maelezo rasmi. Ili kitu kiitwe cha biomimetiki, lazima kazi ya kiumbe ichunguzwe, kanuni yake itolewe, kisha kanuni hiyo itumike kutengeneza kitu hicho. Kwa hiyo nyumba yenye umbo la okapi haistahili jina hilo kwa sababu ya umbo tu, hata muuzaji akiitangaza hivyo.

Kwa Kiswahili, njia nyepesi ni kusema kuiga maumbile. Hata hivyo, Schmitt hakutengeneza ngisi wa chuma. Alichukua kanuni ya mshipa wake, na neno kuiga halionyeshi tofauti hiyo.