SAYYIDNA UTHMAN BIN AFFAN (R.A.) NA MSAHAFU TUUSOMAO

Katika kurasa za mwisho za misahafu mingi huelezwa kuwa umeandikwa kwa rasm ya Uthmani. Huyo ni Sayyidna Uthman bin Affan (R.A.), Khalifa wa tatu, aliyetawala tangu mwaka 23 Hijria (644) hadi alipouawa mwaka 35 (656).

Alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Makka, wa ukoo wa Bani Umayya, na miongoni mwa waliosilimu mwanzo. Mtume (S.A.W.) alimwoza binti yake Ruqayya, na huyo alipofariki akamwoza Ummu Kulthum, ndiyo maana akaitwa Dhun-Nurayn, mwenye nuru mbili. Alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa ajili ya Waislamu.

Katika ukhalifa wake Hudhayfa bin Al-Yaman alirudi kutoka Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu, kwani askari wa Sham na wa Iraq walikuwa wakihitilafiana katika kisomo. Uthman akaazima kurasa zilizokuwa kwa Bibi Hafsa, akamwamuru Zayd bin Thabit na wenzake wazinakili. Nakala zikapelekwa mijini, na maandishi mengine yakachomwa moto. Ibn Mas'ud kule Kufa hakuridhika, lakini kazi hiyo ndiyo iliyouweka umma juu ya maandishi mamoja.

Lawama kubwa zaidi ilihusu jamaa zake. Misri alimpa Abdullah bin Sa'd, ndugu yake wa kunyonya. Basra, Abdullah bin Amir, mtoto wa mjomba wake. Kufa, Al-Walid bin Uqba, ndugu yake wa mama mmoja. Wanaomtetea husema Al-Walid aliposhuhudiwa kunywa pombe alipigwa viboko na kuuzuliwa. Ni kweli. Hata hivyo, sisi hatuoni kuwa malalamiko yote yalikuwa uzushi, maana hata Sayyidna Ali (R.A.) alimnasihi.

Mwaka 35 watu wa Misri, Kufa na Basra waliizingira nyumba yake Madina, hata maji wakamzuilia, yeye aliyewanunulia watu kisima! Vijana wa masahaba, akiwemo Hasan bin Ali, walisimama mlangoni kumlinda. Akawakataza kupigana, kwani hakutaka damu ya Waislamu imwagike kwa ajili yake. Waasi wakaingia, wakamuua mzee huyo akisoma Qur'ani. Mkewe Naila alijaribu kumkinga, akakatwa vidole.

Damu yake ikawa hoja katika vita vya Jamal na Siffin. Yeye mwenyewe alizikwa usiku na watu wachache, nje kidogo ya makaburi ya Baqii, mahali ambapo baadaye paliunganishwa na makaburi hayo.