John Kirk na Kasha Lisilopitisha Mwanga

John Kirk alizaliwa Uskoti mwaka 1832. Alisomea udaktari, lakini alipenda pia elimu ya mimea na upigaji picha. Tangu mwaka 1858 hadi 1863 alisafiri pamoja na David Livingstone katika bonde la mto Zambezi. Mwaka 1866 alikuja Unguja kuwa daktari wa ofisi ya Balozi wa Uingereza. Baadaye akawa Balozi mwenyewe.

Kamera za siku hizo zilikuwa kubwa. Kila picha ilihitaji kipande kimoja cha karatasi au cha kioo, kilichopakwa dawa yenye madini ya fedha. Dawa hiyo hugeuka inapopigwa na mwanga. Kwa hiyo kipande kilitiwa gizani ndani ya kasha jembamba la mbao, lenye kifuniko cha kuvuta. Kasha lilipachikwa nyuma ya kamera, ndipo kifuniko kikavutwa. Baada ya picha kupigwa, kilirudishwa mara moja. Mbao zikipasuka au viungo vikilegea, mwanga hupenya na picha huharibika.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886, akafariki mwaka 1922. Picha zake zilizosalimika zatuonyesha Unguja ya zamani.

Jambo hili laweza kujaribiwa popote, hata darasani Kengeja, kisiwani Pemba. Tia tochi inayowaka ndani ya boksi, ulifunge, kisha ulipeleke katika chumba chenye giza. Ukiona mwanga pembeni, boksi hilo halifai kuhifadhia filamu.