Hertz, baba wa mawimbi yasiyohitaji waya

MSAFIRI anayesimama Kikopey, karibu na Gilgil, kula nyama choma huenda akatazama kwenye simu yake mechi iliyomfikia bila waya. Sifa aghalabu hupewa Marconi, lakini aliyetangulia ni Heinrich Hertz.

Mwanafizikia huyo alizaliwa Hamburg, Ujerumani, Februari 22, 1857. Akiwa profesa mjini Karlsruhe, alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba, na cheche hafifu zikajitokeza katika kitanzi cha waya kilichowekwa mbali. Nadharia ya James Clerk Maxwell, aliyefariki mwaka wa 1879, ikathibitika.

Hertz alibaini pia kwamba mawimbi hayo hupenya mlango wa mbao ilhali bati huyarudisha. Ndiyo sababu hadi leo filamu hukwamakwama katika nyumba ya mabati, kifaa cha kusambaza intaneti kikiwa chumba kingine. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi, ila hudhoofika ukutani kuliko yale ya 2.4. Kukiweka kifaa juu, katikati ya nyumba, mara nyingi hufaa kuliko kununua kipya.

Ajabu ni kwamba mvumbuzi mwenyewe hakuona faida yoyote ya kazi yake nje ya maabara. Aliugua, akafanyiwa upasuaji, akafariki Bonn Januari 1, 1894, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Baada ya Wanazi kutwaa mamlaka mwaka wa 1933, mjane wake na mabinti wawili walihamia Uingereza, kwa kuwa ukoo wa Hertz ulikuwa na asili ya Kiyahudi.