Robert Church na mji ulionyang'anywa mamlaka

Wengi tunalijua jina la binti yake, Mary Church Terrell, mtetezi wa haki za wanawake weusi wa Marekani. Mimi nataka kumzungumzia baba.

Robert Church alizaliwa mwaka 1839 katika jimbo la Mississippi. Mama yake alikuwa mtumwa, baba yake mzungu mwenye meli za mtoni. Baada ya vita alifungua baa Memphis, jimbo la Tennessee. Mwaka 1866 polisi na raia wazungu waliwaua watu weusi 46 mjini humo. Church alipigwa risasi, akapona, akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani.

Mwaka 1878 ikaja homa ya manjano. Watu kama 25,000 walikimbia, zaidi ya 5,000 wakafa. Yeye akanunua viwanja kwa bei ya kutupa. Wanaomsifu husema ni imani kwa mji wake. Naona na hesabu kali pia.

Mwaka uliofuata jimbo liliifutia Memphis hati yake ya mji, likaifanya Wilaya ya Kodi. Kodi zikapangwa na bunge la jimbo, na baadhi ya makamishna wakateuliwa na gavana. Sababu iliyotolewa ilikuwa madeni na maradhi. Lakini baraza la zamani lilikuwa la kata, na kwa kata hizo weusi walikuwa wamepeleka watu wao barazani. Sasa viti vichache vilivyobaki vilipigiwa kura na mji mzima, wenye wazungu wengi zaidi. Sisi tuliozoea mameya wa kuteuliwa toka juu tunaelewa haraka. Church aligombea mwaka 1882, akashindwa.

Hata hivyo, mji ulipotafuta fedha za kulipa deni ili urudishiwe hati, ni yeye aliyenunua hati ya kwanza ya mkopo, dola 1,000. Mji uleule ambao polisi wake walimpiga risasi! Mamlaka yalirudi mwaka 1893. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1889 na 1890, bunge la jimbo lilikwisha kuweka karatasi za kura zilizowashinda wasiojua kusoma, pamoja na kodi ya kupigia kura. Baraza lilirudi bila wapiga kura wale.

Mwaka 1899 alijenga bustani na ukumbi kwenye barabara ya Beale, maana bustani za mji ziliwakataa weusi. Alifariki mwaka 1912. Miaka minne baadaye mwanawe, Robert vilevile, aliunda Lincoln League, akaandikisha wapiga kura weusi kwa maelfu na kuwasaidia kulipa kodi ile.