MWALIMU ALIAGA DAR 1985, ILA HOTUBA INAYOSIKIKA HADI LEO ALIITOA MBEYA

Kila uchaguzi ukikaribia kuna sauti ya Mwalimu Nyerere inazunguka kwenye simu, ile anayoongelea Ikulu, rushwa na viboko. Nilikuwa kwenye basi la Iringa kwenda Mbeya, kijana mmoja akaifungulia kwa nguvu, abiria wakaanza kubishana. Mmoja akasema ndiyo hotuba aliyoagia urais. Sio kweli jamani! Ile aliitoa Mbeya, uwanja wa Sokoine, Mei Mosi 1995, akiwa hana cheo serikalini wala hakuwa tena mwenyekiti wa chama.

Tuanze nyuma kidogo. Huyu mzee kuacha vyeo hakuanza 1985. Alizaliwa Butiama 1922, mtoto wa chifu Burito wa Wazanaki, akasoma Tabora, Makerere mpaka Edinburgh, akarudi kufundisha Pugu. Mwaka 1955 ikabidi achague ualimu au TANU, akaacha mshahara. Uhuru ukaja Desemba 1961, na Januari 1962 akajiuzulu uwaziri mkuu, wiki kama sita tu! Kiti akamwachia Kawawa, yeye akaenda mikoani kujenga chama, Desemba akarudi kama Rais.

Kwa hiyo 1985 aliposema basi, waliomjua hawakushangaa sana, ingawa Afrika marais walioondoka kwa hiari walikuwa wa kuhesabu, kina Senghor wa Senegal. Julai akaliaga Bunge, Novemba akawaaga wazee wa Dar pale Diamond Jubilee, akiwashukuru kwa walivyompokea enzi za TANU. Tarehe 5 Novemba akaapishwa Mzee Mwinyi. Kwenye kuaga kwake alijivunia zaidi umoja wa taifa, na uchumi hakuupamba. Angeupambaje? Vita ya Kagera ilishatumaliza, na sukari na sabuni watu walipanga foleni.

Huo umoja lakini, huku kwetu Nyanda za Juu una hadithi mbili. Mbeya walipata TAZARA, iliyokabidhiwa 1976, na miaka ya sabini bei ya mahindi ilikuwa moja nchi nzima, mkulima wa mbali na Dar hakupunjwa kwa ajili ya umbali. Iringa nenda Isimani uwaulize wazee. Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Kleruu, alimfuata mkulima Mwamwindi shambani kwake kwa mambo haya haya ya ujamaa, wakagombana, Mwamwindi akampiga risasi, kisha akapeleka maiti mwenyewe polisi. Alihukumiwa kunyongwa. Miaka miwili baadaye operesheni ya vijiji ikahamisha watu nchi nzima, wengine kwa nguvu. Mimi namheshimu sana Mwalimu, ila mtu akimsifia bila kuitaja Isimani naona anasimulia nusu.

Sasa turudi Sokoine. Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya enzi ya chama kimoja, Mwinyi anamaliza muda wake, wagombea wamejaa, na rushwa inanuka. Mwalimu akasimama mbele ya wafanyakazi, hana karatasi ya kusoma neno kwa neno, anachekesha, halafu anachoma. Alisema Ikulu ni mahali patakatifu, sio pango la walanguzi. Alikumbusha sheria ya zamani ya mla rushwa, miaka miwili jela na viboko 24, nusu siku ya kuingia na nusu siku ya kutoka ili akamwonyeshe mkewe. Uwanja ulivunjika mbavu. Akaeleza pia kwamba serikali ya rushwa haikusanyi kodi kwa wakubwa, inabaki kufukuzana na wadogo wadogo. Wamachinga mnaosoma hapa mnanielewa.

Kwangu mimi kuaga kwenyewe ni kule. Mwaka 1985 alikuwa anakabidhi ofisi, lazima uwe na adabu ya kikao. Mbeya hakuwa na cha kukabidhi wala cha kupoteza, akawasema mpaka wenzake wa CCM hadharani.

Oktoba mwaka ule akachaguliwa Mkapa. Mwalimu akaishi miaka minne tu, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Pale Sokoine wengi wetu tunaingia kwa ajili ya mpira tu. Yule kijana wa kwenye basi nilimwambia haya yote tulipofika Makambako, akaniuliza Kleruu ndio nani.