Johann Ludwig Krapf, Mtu wa Safari na wa Maombi

Wengi wetu twalijua jina la Johann Ludwig Krapf kwa sababu ya safari zake, na kwa sababu ya kamusi yake ya Kiswahili. Lakini mwezi huu twataka kumtazama kwa upande mwingine, yaani jinsi Mungu alivyomfundisha kuomba alipokuwa kazini. Maana hakuja Afrika hali amekwisha kuhitimu katika kuomba. Alijifunza njiani, na ada ya mafundisho yale ilikuwa kubwa.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, huko Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto alipigwa sana na jirani kwa kosa asilolitenda, akaugua miezi mingi. Na kitandani pale akaanza kuyasoma Maandiko na kumtafuta Mungu. Basi shule yake ya kwanza ya maombi ilikuwa ugonjwa, wala haikuwa ya mwisho.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha misioni cha Basel. Baadaye akaona shaka juu ya wito wake, akarudi kusoma elimu ya dini, akawa msaidizi wa mchungaji. Lakini wito ule haukumwacha. Mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho C.M.S. Alikuwa na shauri kubwa moyoni: vituo vya Injili vifuatane kama pete za mnyororo, toka mashariki ya Afrika mpaka magharibi. Shauri hilo alilipenda sana, akaomba Mungu alibariki.

Lakini milango ikafungwa mmoja mmoja. Mwaka 1838 alifukuzwa katika nchi ya Tigre. Alikwenda Shoa, akakaa huko miaka michache. Mwaka 1842 akasafiri kwenda pwani, akanyang'anywa mali yake njiani, na njia ya kurudi ikazibwa. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Walipojaribu tena kuingia Uhabeshi, mkewe alijifungua nyikani, mbali na nyumba na msaada. Baba akambatiza mtoto, akampa jina la Eneba, maana yake ni chozi. Mtoto akafa upesi, wakamzika, wakaendelea na safari.

Mwezi wa Januari 1844 walifika Unguja, na Sultani Seyyid Said akawapa barua ya kuwatambulisha. Mwezi wa Mei wakakaa Mombasa. Mwezi wa Juni Bwana Krapf akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi wa Julai homa ikawashika wote wawili. Rosine akazaa mtoto wa kike, na baada ya siku chache, tarehe 13 Julai, akafariki dunia. Mtoto naye akamfuata mama yake.

Hapa, ndugu, twapaswa kusimama kidogo. Mama huyu alipojua kwamba saa yake imefika, aliwaombea jamaa zake, na mumewe, na kazi ya misioni, na watu wa Afrika ya Mashariki. Tena alimwombea Sultani aliyetawala nchi. Akataka azikwe ng'ambo, barani, ili wapitao njia walione kaburi lake na kukumbuka sababu iliyomleta. Mumewe naye alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama sawasawa. Lakini baada ya maziko aliwaandikia ndugu wa Ulaya kwamba kaburi lile walihesabu kuwa alama ya vita vilivyoanza, na ya wito wa kuifikisha Injili barani. Kaburi liko hata leo upande wa Nyali.

Zamani Bwana Krapf alimwomba Mungu alibariki shauri lake. Sasa alikuwa hana mke wala mtoto, na shauri lenyewe halikusogea hata hatua moja. Akabaki kujitoa yeye mwenyewe. Twaona kwamba hayo ndiyo maombi yaliyokomaa.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, nao wakajenga kituo Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Waliosikia walikuwa wachache mno. Wa kwanza kuamini alikuwa kilema, jina lake Mringe, naye alibatizwa alipokuwa karibu ya kufa. Mwaka 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf aliuona mlima wa Kenya.

Mwaka 1851 alisafiri tena Ukambani. Karibu na mto Tana wanyang'anyi waliwashambulia, na mzee Kivoi, mwenyeji wake, akauawa. Bwana Krapf akakimbia peke yake porini, hana chakula. Alitia maji katika mfuko wa ngozi wa darubini na katika mitutu ya bunduki. Yalipokwisha, kiu ikamzidi. Ndipo aliposikia sauti za nyani, akazifuata, akaona shimo walilolichimba katika mchanga wa mto mkavu, na ndani yake maji. Akamshukuru Mungu kabla ya kuendelea, akatuliza njaa kwa baruti na machipukizi ya mti. Mtu aliyekuwa ameomba apewe bara zima alijifunza kushukuru kwa maji ya siku moja.

Mwaka 1853 afya yake ilimrudisha Ulaya, akakaa Kornthal. Mnyororo wake wa vituo hakuuona. Hata hivyo aliendelea na kazi ya lugha, na mwaka 1862 alikuja tena pwani kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe. Tarehe 26 Novemba 1881 jioni aliingia chumbani mwake kama desturi. Asubuhi wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, roho imekwisha kutoka. Kamusi yake ya Kiswahili ilitolewa London mwaka 1882, naye hakuiona.

Ndugu zetu waalimu wa Injili, ninyi mwajua jinsi ilivyo rahisi kazi ya Mungu kuyala maombi yenyewe: safari ni ndefu, wanafunzi wa ubatizo wangoja, wagonjwa waita, na jioni mwili umechoka. Tena mwajua uchungu wa kuomba mwaka baada ya mwaka bila kuona tunda. Bwana Krapf aliyajua yote mawili. Basi tusingoje siku za raha ili tujifunze kuomba. Tuombe papo hapo penye kazi, na Bwana atatufundisha njiani, kama alivyomfundisha mtumishi wake, hata magoti yetu yatakapopigwa mara ya mwisho.