Mkwawa: Kutosalimu Amri Si Kunyamaza na Maumivu

Iringa na hata Mbeya, watoto hukua wakisikia jina la Mkwawa, mtawala aliyekataa kusalimu amri. Tukiisoma vibaya sifa hiyo, humfanya mtu aone aibu kusema kwamba moyo wake umechoka.

Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga alizaliwa Luhota, Iringa, karibu mwaka 1855. Baba yake, Munyigumba, aliunganisha koo za Wahehe na kupigana na Wasangu wa upande wa Mbeya. Alipofariki karibu mwaka 1879, ulizuka ugomvi wa urithi, na kijana huyo akakimbilia Ugogo. Huko alipata hifadhi, akajipanga, akarudi kutwaa utawala.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi lake liliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Kwa karibu miaka minne Mkwawa aliishi porini, akifichwa na kulishwa na watu wake. Mwaka 1897 Wajerumani walimnyonga ndugu yake, Mpangile. Wafuasi wakapungua. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akisakwa na akiwa karibu peke yake, alijitoa uhai. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa Kalenga.

Hatuwezi kumpima mtu aliyekufa zamani hivyo. Tunaloweza ni kuitambua hali inayowasumbua wengi leo: sonona isiyo kali lakini ya muda mrefu. Mgonjwa huenda shambani na kazini, hata hucheka na wenzake, lakini kwa miaka 2 au zaidi siku zake nyingi zimejaa huzuni, uchovu, usingizi mbovu na kujiona hafai. Kwa kuwa haimlazi kitandani, ndugu huiita uvivu au tabia yake. Kumbe ni ugonjwa, na hutibika kwa ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili.

Tunamkumbuka Mkwawa kwa ushujaa, lakini tusisahau Ugogo wala wale waliomlisha porini. Shujaa huyo alisimama muda mrefu kwa sababu alikubali kusaidiwa. Ukiona huzuni haiondoki, nenda kituo cha afya. Ukifikia kuwaza kufa, mwambie mtu leo hii, usibaki peke yako.